Faili hazijafutika: CD iliyochomwa kwa awamu na jinsi Linux inavyoifungua

CD ya zamani imewekwa kwenye kompyuta ya Linux. Ukiigeuza upande wa chini unaona wazi kwamba sehemu iliyochomwa inakaribia ukingo, tena pengine zinaonekana pete mbili tatu zenye rangi tofauti kidogo. Diski ilijaa, au karibu. Folda inafunguka, na ndani yake zimo faili sita tu.

Hapo maelezo huwa mengi: diski imeharibika, Linux haielewi CD zilizochomwa kwenye Windows, kuna mtu alifuta. Mara nyingi yote matatu si kweli. Diski ilichomwa kwa awamu, nawe umeonyeshwa faharasa ya awamu moja.

Kuchoma CD ni kuandika data juu yake kwa mwale wa leza. Awamu ni kila mara unapochoma kisha ukafunga kazi hiyo, huku ukiacha nafasi ya kuongeza siku nyingine. Kupachika ni kuiambia Linux iunganishe diski na folda fulani, kwa mfano /mnt/diski, ili faili zake zionekane humo. Amri ya kazi hiyo ni mount, na kifaa chenyewe kwa kawaida huitwa /dev/sr0. Sekta ni kipande kidogo kabisa kinachosomeka peke yake, na kwenye CD ya data huwa na baiti 2,048. Maneno hayo yanatosha.

Fikiria daftari linaloandikwa kwa wino usiofutika. Badala ya kuwa na faharasa moja mwanzoni, kila ukimaliza kuandika unaandika faharasa mpya mahali ulipofika. Leo umejaza ukurasa wa 1 hadi wa 40, ukaweka faharasa. Mwezi ujao unajaza wa 50 hadi wa 70, ukaweka faharasa nyingine inayotaja kurasa mpya pamoja na zile za zamani unazotaka ziendelee kuonekana. Msomaji ameagizwa afungue faharasa ya mwisho tu. Ambacho hakikutajwa humo hatakiona, ingawa ukurasa wake upo na wino haujafifia.

CD-R, yaani CD inayochomwa bila kufutika, inafanya kazi hivyohivyo. Mfumo wa faili unaotumika zaidi, ISO 9660, uliochapishwa mwaka 1988, huweka maelezo yake makuu kwenye sekta ya 16 kuanzia mwanzo wa awamu. Kutoka hapo kompyuta huufikia mti wa folda, na mti huo hutaja kila faili inaanzia sekta ipi. Jambo la kushika ni kwamba anwani hizo huhesabiwa kutoka mwanzo wa diski nzima, si kutoka mwanzo wa awamu. Ndiyo maana faharasa ya awamu ya tatu inaweza kutaja faili iliyochomwa katika awamu ya kwanza bila kuinakili upya. Sifa hiyohiyo ndiyo inayowatatiza watu wanapojaribu kutoa nakala ya diski, tutakavyoona mbele.

Kwa nini basi faili huonekana zimepotea? Kwa sababu programu iliyochoma awamu ya mwisho haikusoma faharasa ya awali kabla ya kuandika mpya. Programu nyingi huuliza: je, uendeleze diski iliyopo au uanze awamu mpya? Aliyechagua la pili alipata faharasa inayotaja faili mpya peke yake. Kufuta nako ni kwa namna hiyo. Faili “iliyofutwa” kwenye CD-R ni faili ambayo jina lake halikurudiwa katika faharasa mpya, wala nafasi yake hairudi.

Nafasi yenyewe huliwa hata na awamu tupu. Kila awamu ina eneo la kuingilia lenye sekta 4,500 na eneo la kutokea. Eneo la kutokea la awamu ya kwanza lina sekta 6,750, na la kila awamu inayofuata lina sekta 2,250. Ongeza pengo la sekta 150 kabla ya data kuanza. Hivyo kati ya mwisho wa data ya awamu ya kwanza na mwanzo wa data ya pili zinapotea sekta 11,400, takriban baiti milioni 23. Baada ya hapo kila awamu hupoteza sekta 6,900, takriban baiti milioni 14. CD ya dakika 80 ina sekta 360,000. Mtu aliyeichoma mara kumi, kidogo kidogo, ameacha karibu sehemu moja kati ya tano ya diski kwenye milango ya kuingilia na kutokea. Anayejumlisha ukubwa wa faili zake na kushangaa kwa nini diski imejaa, jibu lake ndilo hilo.

Njia ya kawaida

Kwa diski nyingi hakuna ujanja unaohitajika:

sudo mkdir -p /mnt/diski
sudo mount -t iso9660 -o ro /dev/sr0 /mnt/diski

Kerneli, yaani kiini cha Linux, hukiuliza kiendeshi (kifaa kinachosoma CD) awamu ya mwisho inaanzia wapi, kisha hufungua faharasa ya hapo. Ikiwa kila awamu iliendeleza iliyotangulia, utaona faili zote kana kwamba zilichomwa siku moja. Huhitaji kupachika awamu moja moja kisha kuziunganisha. Wala usitafute /dev/sr0p1 na /dev/sr0p2: awamu si vigawanyo kama vya diski kuu, na lsblk, amri ya kuorodhesha diski, itakuonyesha sr0 moja tu.

CD za muziki zenye sehemu ya data nazo hufunguka kwa njia hii. Muziki huwa katika awamu ya kwanza na data katika ya pili, kwa hiyo kerneli ikienda ya mwisho inaifikia data moja kwa moja.

Kuchungulia awamu za nyuma

Iwapo faharasa ya mwisho ni fupi kuliko ulivyotarajia, kwanza jua awamu zinaanzia wapi. Chombo kizuri zaidi ni xorriso:

xorriso -indev /dev/sr0 -toc

Kitakupa jedwali lenye namba ya kila awamu, sekta inapoanzia, ukubwa wake kwa sekta, na jina la diski lililoandikwa siku hiyo. Tuchukue diski ya mfano: awamu ya 1 inaanzia sekta 0 na ina sekta 51,200, ya 2 inaanzia 62,600 na ina 20,000, ya 3 inaanzia 89,500. Jumlisha 51,200 na 11,400 upate 62,600. Kisha 82,600 na 6,900 upate 89,500. Hesabu ikikubali hivi, unajua jedwali limesomwa vizuri. Usipokuwa na xorriso, amri ya wodim dev=/dev/sr0 -toc itaonyesha sekta ambako kila traki (mkondo mmoja wa data au wimbo mmoja) inaanzia, na kwa CD ya data ya kawaida kila awamu ina traki moja.

Sasa zipo njia mbili. Ya kwanza ni kutaja namba:

sudo mount -t iso9660 -o ro,session=0 /dev/sr0 /mnt/diski

Hapa wengi huteleza mara mbili. Kwanza, hesabu inaanzia sifuri: session=0 ndiyo ya kwanza, session=1 ya pili. Anayeandika session=1 akitaka ya kwanza atapata ya pili na kuamini kwamba hiyo ndiyo yote iliyokuwamo. Pili, licha ya jina lake, chaguo hili huhesabu traki, si awamu. Kwenye CD yenye nyimbo 12 na data katika traki ya 13, data iko session=12. Ukitaja namba ya traki ya muziki, kerneli haitaikubali namba hiyo na itaacha ujumbe kwenye dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wake, kwamba namba ya awamu au aina ya traki si sahihi.

Njia ya pili hukwepa mkanganyiko huo kwa kutaja sekta yenyewe:

sudo mount -t iso9660 -o ro,sbsector=62600 /dev/sr0 /mnt/diski

Taja mwanzo wa awamu, yaani 62,600. Usiongeze ile 16 ya faharasa. Kerneli huiongeza yenyewe. Kati ya njia mbili hizi, sbsector ndiyo ya kuzoea. Haina utata wa kuhesabu, na inafanya kazi hata pale ambapo session haina maana yoyote, kama kwenye faili ya nakala au DVD+RW.

Ikiwa shida yako ni kutoa faili tu, huna haja ya kupachika chochote:

xorriso -osirrox on -load session 1 -indev /dev/sr0 -extract / ./awamu1

Angalizo: xorriso huhesabu awamu kuanzia 1, na -load lazima itangulie -indev. Ndiyo, vyombo viwili vinahesabu kitu kilekile kwa namna mbili.

“Nimebadilisha namba lakini naona faili zilezile”

Hili ndilo lalamiko linalowapotezea watu muda kuliko yote, na chanzo chake hakionekani kwa macho. Unapoingiza CD, mazingira ya dawati mara nyingi huipachika yenyewe kabla hujagusa kibodi. Kisha unafungua terminali na kuipachika tena mahali pengine kwa session=0. Hakuna kosa linalotokea. Folda inafunguka. Faili ni zilezile za awamu ya mwisho.

Linux huifungua faharasa ya kifaa mara moja. Kifaa hichohicho kikipachikwa mahali pa pili, kerneli haisomi faharasa upya bali hukuelekeza kwenye ile iliyokwisha kufunguliwa, na chaguo lako jipya la awamu linapuuzwa kimyakimya. Ni sawa na kugonga mlango wa pili wa chumba kilekile.

Kwa hiyo, kabla ya kujaribu awamu nyingine, hakikisha diski haijapachikwa popote:

findmnt /dev/sr0
sudo umount /dev/sr0

Rudia hadi findmnt isionyeshe kitu. Umount ikidai kifaa kina shughuli, kuna dirisha la faili au terminali iliyosimama ndani ya folda hiyo. Toka humo kwanza.

Na ukitaka kuziona awamu mbili kwa wakati mmoja, labda kulinganisha matoleo mawili ya faili moja? Pitisha kila moja kwenye kifaa chake cha loop, yaani kifaa bandia kinachowakilisha diski au faili, ili kerneli ione vifaa viwili tofauti. Kiunde kwa losetup, maana mount yenye -o loop siku hizi hutumia tena kifaa cha loop kilichopo:

sudo mount -t iso9660 -o ro,sbsector=0 "$(sudo losetup -r -f --show /dev/sr0)" /mnt/a
sudo mount -t iso9660 -o ro,sbsector=62600 "$(sudo losetup -r -f --show /dev/sr0)" /mnt/b

Kifaa cha loop hakina jedwali la traki la kiendeshi, hivyo session haitakusaidia hapo. Lazima sbsector. Jiandae pia kusikia kiendeshi kikihangaika ukisoma pande zote mbili kwa pamoja, maana leza inarukaruka.

Kuna kisa kingine kinachofanana na hiki: umetoka kuchoma awamu mpya, unapachika, na bado unaona hali ya jana. Kompyuta inakumbuka ukubwa wa diski wa kabla ya kuchoma. Itoe diski na uirudishe, kwa mkono au kwa eject /dev/sr0 kisha eject -t /dev/sr0.

Kunakili diski nzima

Wanaohifadhi CD za zamani huanza na dd, amri ya kunakili data sekta kwa sekta, na dd huishia njiani ikidai hitilafu ya kusoma. Kwenye diski ya mfano wetu itakwama karibu na sekta 51,200. Diski haijaoza. Leza imefika kwenye lile pengo la sekta 11,400 ambalo si data ya kusomwa. Faili iliyopatikana ina awamu ya kwanza pekee, na ukiipachika utaona faharasa ya kwanza, yaani kinyume kabisa cha ulichoona kwenye diski halisi. Ndipo watu husema nakala “imerudi nyuma”.

Wengine hukimbilia upande wa pili: wananakili awamu ya mwisho peke yake, kuanzia sekta 89,500, na kuifanya faili inayojitegemea. Hili ni kosa kubwa zaidi kwa sababu halijitangazi. Anwani zinahesabiwa kutoka mwanzo wa diski, na mwanzo wa diski haumo katika faili hiyo. Kila anwani sasa inaelekeza mahali pasipo pake.

Kinachofaa ni kuiweka kila awamu mahali pake ndani ya faili moja, na kuyaacha mapengo yawe matupu:

dd if=/dev/sr0 of=diski.img bs=2048 count=51200
dd if=/dev/sr0 of=diski.img bs=2048 skip=62600 seek=62600 count=20000 conv=notrunc

Endelea hivyo kwa awamu ya tatu, ukitumia mwanzo na ukubwa wake. Skip ni mahali pa kuanza kusoma, seek ni mahali pa kuanza kuandika, na hapa lazima ziwe sawa. Conv=notrunc huzuia dd isikate ulichokwisha kuandika. Sekta mbili za mwisho za awamu zikikataa kusomeka, usihofu sana: traki iliyochomwa kwa njia ya kawaida humalizika kwa sekta mbili za kumalizia zisizo na data, na programu nyingi huongeza sekta 150 tupu mwishoni kwa ajili hiyohiyo.

Diski yenye mikwaruzo usiipeleke kwa dd. Tumia ddrescue -b 2048 /dev/sr0 diski.img diski.map, ambayo huruka sehemu mbovu, hukumbuka ilipoishia, na hulipita pengo kama sehemu mbovu nyingine. Ikimaliza itaripoti makosa maelfu. Yalinganishe na ukubwa wa mapengo kabla ya kusikitika.

Nakala ikishakamilika, taja sekta ya awamu unayoitaka:

sudo mount -t iso9660 -o ro,loop,sbsector=89500 diski.img /mnt/diski

Andika namba hizo mahali pamoja na faili. Faili ya nakala haibebi jedwali la awamu, na atakayeifungua bila sbsector atapata awamu ya kwanza tu.

Pale ambapo kanuni hizi hazishiki

DVD+RW, DVD-RAM na BD-RE zinaandikika upya popote, kwa hiyo hazina awamu halisi. Programu huziigiza. Growisofs, programu ya kuchoma DVD, kila ikiongeza faili kwa -M, hunakili maelezo makuu ya faharasa mpya hadi sekta ya 16 ya mwanzo wa diski, juu ya yale ya zamani. Mount ya kawaida huona hali ya karibuni, na awamu za kati unaweza kuzifikia kwa sbsector, lakini lango la awamu ya kwanza limeshaandikiwa juu. Xorriso hukwepa hasara hiyo kwa kuianzisha awamu ya kwanza sekta ya 32, hivyo sbsector=32 bado inaifungua.

Diski yenye UDF, mfumo mwingine wa faili, ina chaguo lake la session, ila usidanganywe na kufanana kwa jina. Huko thamani inayotakiwa ni sekta ambako awamu inaanzia, si namba ya mfuatano.

Na kuna dhana kwamba CD haisomeki kwingine mpaka “ifungwe kabisa”. Kinachohitajika ni awamu kufungwa, si diski. Awamu iliyofungwa ina eneo la kuingilia lenye jedwali lake, na kisomaji chochote chenye uwezo wa awamu nyingi kitaiona. Kufunga diski kunazuia tu awamu nyingine zisiongezwe. Awamu iliyoachwa wazi, kwa mfano umeme ulipokatika katikati ya kuchoma, ndiyo isiyoonekana kwenye kisomaji cha kawaida. Iweke kwenye kiendeshi kinachochoma, ikiwezekana kilekile kilichotumika mwanzo, ujaribu wodim dev=/dev/sr0 -fix. Ikikubali, jedwali litaandikwa na awamu itaonekana. Lakini kama umeme ulikatika kabla faharasa ya ISO haijakamilika, jedwali litakuonyesha traki isiyopachikika, na hapo ndipo unaporudi kwenye sbsector ya awamu iliyotangulia.